Kuvuka jangwa kwa msafara: mwendo ni wa gari la nyuma

Watu wanaotaka tuvuke jangwa pamoja huanza kwa kuniuliza habari za magari: injini ya ukubwa gani, matairi ya aina gani, winchi (mashine ya kulivuta gari kwa waya) inahitajika au la. Nitayafikia hayo. Lakini kabla ya yote mimi huuliza nani atakaa nyuma kabisa, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloniambia kama kundi liko tayari. Msafara una faida moja kubwa kuliko gari la peke yake: ukikwama, yupo wa kukukwamua. Faida hiyo inayeyuka pale magari mawili ya mbele yanapochangamka, yakapita matuta matatu kwa mkupuo mmoja, na lile la mwisho likabaki upande wa pili limezama hadi ekseli bila yeyote kujua. Mlitoka magari matano. Sasa kuna gari moja jangwani, peke yake, na maji yaliyomo ndani yake tu.

Kanuni ninayoisimamia bila kulegeza ni kwamba kila dereva anamlinda aliye nyuma yake. Mtazame kwenye kioo kila mara. Usipomwona, punguza mwendo; usipomwona bado, simama. Aliye mbele yako naye atakukosa kwenye kioo chake, atasimama, na hivyo hivyo hadi kwa kiongozi, hata kama redio zote zimekufa. Penye njia panda hakuna kuondoka mpaka wa nyuma yako aone umekunjia wapi. Msitegemee alama za matairi peke yake: upepo unazifuta upesi, na nyingine ni za watu waliopita wiki iliyotangulia wakiwa na safari yao wenyewe.

Magari manne hadi sita ndiyo kundi ninalolipenda. Mawili ni machache mno, maana la pili likizama wakati wa kulivuta la kwanza, hakuna wa tatu. Yakizidi manane, wagawe makundi mawili, kila kundi na kiongozi wake, mkia wake, yaani dereva wa gari la mwisho, na vifaa vyake, wakutane jioni kambini. Mbele akae mtu anayeujua mchanga. Wa pili awe dereva mgeni kuliko wote, afuate alama ambazo bado ni mpya na asikie maelekezo ya kiongozi kabla hajafika penye tatizo. Magari mazito yaende nyuma ya mepesi, kwa kuwa yanachimba njia na kuwaharibia wengine. Mkiani akae fundi, akiwa na vipuri, kamba ndefu na sanduku la dawa. Mimi hukaa hapo. Kutoka nyuma unaona mambo ambayo kiongozi hayaoni: dumu linalolegea juu ya gari, tairi linaloyumba, matone ya oili yanayoanza kuonekana katikati ya alama za matairi.

Hesabu za maji na mafuta

Maji hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, sita za kunywa na zilizobaki za kupikia na kunawa kidogo. Halafu ongeza siku tatu ambazo hamkuzipanga. Safari ya siku nne kwa gari lenye watu wawili inakuwa siku saba, mara lita 10, mara wawili: lita 140, ambazo ni kilo 140. Wengi wakiona tarakimu hiyo huanza kupunguza maji ili wapate nafasi ya viti, meza na friji. Punguza viti. Maji yagawe kwenye madumu mengi madogo, yasikae kwenye tangi moja, maana tangi likipasuka linamwaga yote kwa mpigo. Na kila gari libebe maji yake lenyewe. Maji ya kundi yaliyorundikwa kwenye gari moja hayamsaidii aliyepotezana nalo.

Mafuta nayo yapigiwe hesabu ya mchangani, si ya lami. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 barabarani linaweza kula 20 au zaidi kwenye mchanga laini na gia ya chini. Kwa kilomita 500 hizo ni lita 100, nami huongeza theluthi moja ya akiba kwa sababu matuta hukulazimisha kuzunguka na kurudi. Umbali ambao msafara unaweza kwenda unapimwa kwa gari lenye kiu kuliko yote. Dumu la lita 20 la dizeli lina uzito wa kilo 17 hivi bila kuhesabu dumu lenyewe. Ukipanga manne juu ya paa umelifanya gari liwe zito kichwani, na pale litakapokaa upande kwenye mteremko wa mchanga ndipo utakapoona kazi ya uzito huo. Vizito vyote vikae chini, katikati ya ekseli mbili, na vifungwe kwa mikanda.

Huwa nawasimulia wageni wangu habari za Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyezunguka Jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, na ambaye mwaka 1940 alianzisha kikosi cha doria cha masafa marefu katika jangwa hilo hilo. Yeye na wenzake walipunguza upepo wa matairi ili wapite mchanga laini, na walibeba mabamba marefu ya chuma ya kuweka chini ya magurudumu. Rejeta zao zilipochemka, mvuke haukuachwa upotee: ulipelekwa kwa mpira hadi kwenye kopo lenye maji lililofungwa pembeni ya gari, ukapoa humo, na injini ilipopoa maji yakafyonzwa kurudi kwenye rejeta. Mabamba yetu ya siku hizi ni ya plastiki na rejeta zetu zimefungwa vizuri zaidi, ila ile tabia ya kutopoteza hata kikombe cha maji ndiyo ninayotaka wageni waishike.

Upepo wa matairi

Hakuna kifaa cha gharama kubwa kitakachokusaidia jangwani kama kutoa upepo kwenye matairi, jambo ambalo ni bure. Tairi lililopunguzwa upepo linalala chini, na eneo linalogusa mchanga linarefuka, likaenda kama mnyororo wa trekta badala ya kisu. Uzito uleule umesambaa mahali pakubwa zaidi, kwa hiyo gari linaelea badala ya kuchimba.

Kwa gari la kawaida la forwili lenye mzigo, ninaanza na psi 18 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji) mara tu tunapoacha njia ngumu. Mchanga ukiwa laini zaidi nashuka hadi 15. Ukikwama sana unaweza kufika 12, na kwa dharura 10, lakini hapo uendeshe polepole na usikate kona kali, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi; mchana upepo hupanuka kwa joto na geji itakudanganya. Usipime kwa jicho wala kwa kupiga teke. Kila gari liwe na geji yake na pampu yake inayofanya kazi, na pampu hizo zijaribiwe nyumbani kwa kujaza matairi yote manne mfululizo, kwa sababu pampu dhaifu huungua kwenye tairi la tatu.

Tairi likichomoka kwenye rimu si mwisho wa dunia. Liinue gari kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao mpana, futa mchanga wote kwenye ukingo wa rimu na kwenye mdomo wa tairi, paka maji ya sabuni, fungia mkanda wa kukazia kuzunguka tairi ili midomo isukumwe nje, kisha jaza upepo hadi usikie mlio wa kukaa. Ukiacha punje za mchanga pale, tairi litavuja usiku kucha.

Kupanda tuta

Tuta la mchanga lina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo una mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikamana. Upande wa pili, mchanga unaporomokea wenyewe, na mteremko wake hufika nyuzi 30 hadi 34. Huo ndio mwinuko ambao mchanga mkavu unaweza kusimama nao, ukizidi unaporomoka. Kwa hiyo panda kutoka upande wa upepo inapowezekana, na ukikutana na ukuta wa upande wa pili, tafuta pengo badala ya kushindana nao.

Shuka kwenye gari utembee kwa miguu hadi juu ya tuta. Najua jua ni kali na miguu inazama, lakini dakika tano za kutembea zinakuonyesha kama mgongo wa tuta ni wa mviringo au umekatika kama ukingo wa meza, kama kuna shimo nyuma yake, kama kuna gari linakuja. Saa za adhuhuri jua likiwa utosini vivuli vinapotea na mchanga wote unaonekana tambarare. Ukingo wa mita tatu unaweza kuukanyaga bila kuuona. Ndiyo maana tunaondoka kambini alfajiri, mchanga ukiwa bado una baridi na umeshikana, tunapumzika adhuhuri, na tunaendelea kidogo jioni kabla jua halijazama. Usiku hatuendeshi.

Gari moja tu ndilo linalopanda kwa wakati mmoja. Mengine yanasubiri chini, mbali ya kutosha ili anayerudi kinyumenyume asiwagonge. Aliye juu asimame pembeni, aseme kwa redio: "Niko juu, nimetoka njiani, njoo." Kabla ya maneno hayo hakuna anayeondoka. Kwenye Jangwa la Simpson, Australia, ambako matuta marefu yamejipanga sambamba kwa mamia, sheria za hifadhi zinamlazimu kila dereva kufunga bendera kwenye mlingoti mrefu juu ya gari ili ionekane kabla gari halijatokeza upande wa pili. Ifungeni hata mahali ambapo hakuna anayewalazimisha.

Unapopanda, chagua gia kabla hujaanza: weka forwili kwenye gia za chini, zile za nguvu, na humo utumie ya pili au ya tatu kwa magari mengi. Mwendo ujengwe chini kwenye tambarare, si katikati ya mlima. Nenda wima, ukipanda kwa mshazari gari linaweza kulala ubavu. Mfumo wa kompyuta unaozuia matairi kuteleza uzime kama gari lako linaruhusu, maana kwenye mchanga unakukata nguvu pale unapoihitaji. Karibu na mgongo wa tuta legeza mafuta, gari lifike juu likiwa na pumzi ya mwisho tu, liiname taratibu upande wa pili.

Nguvu ikiisha kabla ya kufika, usizungushe matairi na usijaribu kugeuza. Ingiza rivasi, rudi kwenye alama zako mwenyewe ukiwa umenyoosha usukani, jaribu tena ukiwa na mwendo zaidi au upepo pungufu. Hapo ndipo wageni wengi hushindwa, kwa kuwa kurudi nyuma wanakuona kama kushindwa mbele ya wenzao. Nikiwa kiongozi mimi hurudi mara moja mbele ya macho yao, hata pale ambapo pengine ningepita, ili jambo hilo lizoeleke.

Kushuka ni gia ya kwanza au ya pili, wima vilevile, miguu mbali na breki. Mkia ukianza kukimbilia pembeni, elekeza pua ya gari chini ya mteremko na ukanyage mafuta kidogo, gari litanyooka. Ukipiga breki hapo, mchanga unajazana mbele ya matairi na mkia unakupita.

Na kusimama nako kuna namna yake. Usikanyage breki kwenye mchanga laini, maana matairi hujijengea vizingiti mbele yao. Acha gari lipoe mwendo lenyewe, lisimame likiwa limeelekea mteremko wa chini.

Mkikwama

Tulikuwa tumeshuka bonde moja la mchanga mweupe, gari la tatu likazama. Dereva alikuwa kijana mwenye nguvu, naye akaanza kukanyaga mafuta. Mchanga ukaruka hadi juu ya paa. Nikamwambia kwenye redio: "Mdogo wangu, toa mguu. Zima. Shuka tulitazame." Aliposhuka tulikuta matairi ya nyuma yamezama nusu na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imegusa mchanga. Angeendelea kidogo tu, gari lingekaa kwa tumbo na magurudumu yangekuwa yananing'inia bila kazi.

Hatukutoa kamba. Tulichukua makoleo mawili yenye mpini mrefu, tukaanza chini ya tumbo, kwa sababu mchanga ulioshika difu na chesi ndio unaolizuia gari, hata kama magurudumu yako huru. Tukachimba nyuma ya kila tairi mteremko mrefu wa taratibu, mrefu kama hatua mbili. Tukashusha upepo hadi psi 12. Tukanyoosha usukani, tukasukuma mabamba ya kukwamulia chini ya matairi ya nyuma hadi meno yake yakagusa mpira. Kisha nikamwambia arudi nyuma, si mbele, maana nyuma kuna njia ambayo gari lake lenyewe limekwisha kuishindilia. Gia ya rivasi ya chini, mafuta kidogo sana. Gari likapanda kwenye mabamba, likatoka, likaendelea kurudi hadi penye mchanga mgumu bila kusimama. Ilichukua muda mfupi kuliko ambao watu hutumia kubishana kuhusu kamba, na hakuna aliyekaribia hatari.

Mpangilio huo uushike: toa mguu, shuka, chimba, punguza upepo, mabamba, nyuma kwanza. Asisimame mtu yeyote nyuma ya bamba akidhani haya ni maandishi ya kusoma tu. Bamba lililokamatwa na tairi linarushwa kama kombora. Wote wakae pembeni.

Kamba ni hatua ya baadaye, nayo inataka heshima kubwa. Ile ya nailoni inayonyumbuka inaweza kurefuka karibu theluthi moja ya urefu wake, na nguvu iliyohifadhiwa humo ikiachiwa ghafla inaua. Ifunge kwenye ndoano imara zilizofungwa kwenye chesi kwa ajili ya kuvutia, si kwenye bampa, si kwenye kitanzi kile chembamba cha kufungia gari linaposafirishwa, na kamwe si kwenye ile tufe ya chuma ya kukokotea trela. Tufe hiyo hukatika ikapaa kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Kamba mbili usiziunganishe kwa shakeli ya chuma. Tandaza koti zito au blanketi katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara. Walio nje ya magari wakae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa kamba mara moja na nusu, tena pembeni, si kwenye mstari wa kuvuta. Hata unapovuta, kwanza chimba. Gari lililozama kwa tumbo likivutwa bila kuchimbwa linavunjika au linakata kamba.

Mahali pasipo na gari jingine lililo karibu wala mti, winchi inahitaji kitu cha kushikilia. Chimba shimo la kina cha kiuno, zika tairi la spea likiwa limesimama, funga waya hapo na ujaze mchanga kwa kuukanyaga. Ni kazi ya jasho, lakini inafanya kazi.

Ardhi isiyo mchanga

Viwanja vya chumvi vilivyokauka vinavutia macho kwa utambarare wake, navyo ndivyo ninavyoviogopa zaidi ya matuta. Juu kuna gamba gumu, chini kuna tope. Gari likivunja gamba hilo linazama katika kitu kisichochimbika, na la pili likija kulisaidia linazama nalo. Zunguka, ukae ukingoni, na baada ya mvua usisogee kabisa.

Makorongo makavu yana mchanga mgumu na vivuli, yanashawishi kupiga kambi. Msilale humo. Mvua iliyonyesha kwenye milima ya mbali msiyoiona inaweza kuleta mafuriko hadi kitandani mwenu chini ya anga lenye nyota.

Penye nyasi kavu, simameni mara kwa mara kuchungulia chini ya magari. Nyasi hukusanyika kuzunguka eksozi zikashika moto. Huko Australia magari yameteketea kwa njia hiyo. Kila gari liwe na mtungi wa kuzimia moto mahali ambapo dereva anaufikia bila kushuka. Mbegu za nyasi huziba rejeta pia, zifagie kwa brashi jioni.

Kwenye maeneo yaliyowahi kupiganiwa, kama Sahara Magharibi, sehemu za Libya, na jangwa la Misri kuzunguka El Alamein, bado kuna mabomu ya ardhini. Huko hakuna kukata njia yako mwenyewe hata kwa mita kumi. Mnakwenda na mwongoza njia wa eneo hilo na vibali vya serikali, au hamwendi.

Tembeeni kwenye alama zilizopo pale ardhi inapokuwa ya changarawe au ukoko. Katika Jangwa la Mojave, Marekani, alama za vifaru vya mazoezi ya kijeshi yaliyoanza mwaka 1942 bado zinaonekana. Mchanga unaotembea husahau, changarawe haisahau.

Mtajuaje mko wapi

Ramani zipakuliwe kabla, kwenye vifaa viwili tofauti katika kila gari, na alama za vituo, visima na mafuta ziwe zilezile kwa wote. Ongeza ramani ya karatasi na dira. Dira uisome ukiwa umetoka hatua nyingi kando ya gari, kwa sababu chuma cha gari huipotosha. Bagnold alitumia dira ya jua, inayosoma kivuli, kwa sababu hiyohiyo.

Kila gari liwe na redio koli. Zaidi ya hapo msafara uwe na simu ya setilaiti au kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, viwili kama mnaweza, kimoja mbele na kimoja mkiani. Kifaa kikikaa kwa kiongozi peke yake, gari la nyuma limebaki bila sauti.

Mtu aliyebaki nyumbani awe na nakala ya njia, majina, namba za magari, na saa ambayo asiposikia habari zenu ataita msaada. Saa hiyo iandikwe. "Nikichelewa sana" si saa.

Gari likiharibika na mmepotezana, kaeni na gari. Gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani. Lina kivuli, maji, vioo vya kumulikia jua, na spea tairi ambalo likichomwa hutoa moshi mweusi unaoonekana mbali. Litoe upepo kwanza na ulichome mbali na gari.

Mwili

Hewa kavu hukausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo mtu husema hajatoka jasho huku amekwisha kupoteza lita kadhaa. Usisubiri kiu. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili ya kusimama, kunywa na kukaa kivulini. Kula chakula chenye chumvi. Mikono mirefu, kofia pana, kitambaa shingoni.

Hatari kubwa ni kiharusi cha joto. Mtu anaanza kujibu ovyo, anakasirika bila sababu, anapepesuka, mwili umekuwa moto. Hapo hakuna cha kusubiri: kivulini, vua nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu mfululizo, huku mwingine akiita msaada kwa setilaiti. Asiyejitambua asinyweshwe. Maji ya akiba ndiyo yaliyobebwa kwa ajili ya saa hiyo, yatumieni.

Katika kila gari nataka watu wawili wanaosemezana. Anayeendesha peke yake hana wa kumwambia kwamba maneno yake yameanza kupotea, kwa hiyo mkia humsemesha kwa redio mara kwa mara: umekunywa lini, geji ya joto iko wapi. Mtu akichelewa kujibu mara mbili, msafara unasimama. Kabla ya safari kila mtu aseme kwa siri kwa anayesimamia sanduku la dawa kama ana kisukari, presha au pumu, na dawa zake za akiba ziwekwe kwenye gari jingine.

Asubuhi na jioni

Jioni kabla ya kupika, kila dereva anazunguka gari lake na tochi: oili, maji ya rejeta, fenibelti, vichwa vya betri, springi, shokapu, nati za magurudumu. Njia zenye mawimbi ya ardhi ngumu hufungua kila kitu kilichofungwa kwa skrubu. Chujio la hewa litolewe na kugongwagongwa taratibu mchanga udondoke. Nawataka wabadilishane, kila mmoja akague gari la mwenzake, kwa kuwa jicho la mwenye gari limezoea kasoro zake. Usiku baridi huweza kukaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo blanketi zisiachwe kwa kudanganywa na joto la mchana. Viatu vikung'utwe asubuhi, kwa sababu ya nge.

Dhoruba ya mchanga ikija, toka njiani, geuza mgongo wa gari uelekee upepo, zima injini, funga vioo, ngojeni. Usiendelee kwa kumfuata wa mbele kwa taa. Ndivyo magari yanavyogongana.

Kikao cha jioni kiwe kifupi: njia ya kesho, pa kugeukia, nani amechoka. Yeyote akisema turudi, hata kama ndiye mgeni kuliko wote, jambo hilo linajadiliwa magari yakiwa yamesimama na watu wamekaa, na nusu ya mafuta ikitumika kabla ya nusu ya njia hakuna mjadala, tunageuza.

Mkifika kwenye njia ngumu, simameni wote kabla ya kuongeza mwendo. Jazeni upepo hadi kiwango cha barabarani, kwa sababu tairi laini kwenye lami hupata joto na kupasuka. Kazeni nati za magurudumu, chunguzeni mabomba ya breki na ubavu wa ndani wa matairi ambako mawe hukata bila kuonekana. Gari la kwanza kumaliza lisiondoke. Pampu za wengine ni za polepole. Mkia akishatangaza kwamba magari yote yamejaa na watu wote wamehesabiwa, kiongozi ampigie yule mtu wa nyumbani amwambie mmetoka, asije akaita waokoaji kwa watu walio barabarani.